Laptopu yangu imekataa kuzeeka, au ni mimi niliyekataa?

Leo sina habari za lugha mpya ya programu wala simu mpya. Nina habari ya maneno mawili tu, yaliyonitokea kwenye skrini nyeusi Alhamisi moja usiku, mwezi wa nane 2025: "Fan error". Mashine ikajizima. Nikaiwasha tena. Fan error. Ikajizima. Kwa wale wasiofahamu, maana yake ni kwamba feni inayopoza prosesa haizunguki, na mashine imeamua heri izime kuliko iungue.

Jumatatu yake nilitakiwa nimwonyeshe mteja programu ya simu ambayo nilikuwa nimeihangaikia miezi miwili. Kazi yote ilikuwa salama, nina nakala mtandaoni. Lakini mashine ya kuiendeshea ilikuwa hiyo hiyo moja.

Nieleze kwanza ni mashine gani, maana wengine mtacheka. Ni Lenovo ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012. Mimi nilipoipata mwaka 2017, nikiwa mwaka wa pili chuoni nasoma sayansi ya kompyuta, tayari ilikuwa na miaka mitano. Ilikuwa ni zile za ex-UK, ambazo ofisi za Uingereza zikishazitumia miaka mitatu minne huuzwa kwa jumla na kuishia kwenye maduka yetu. Ndiyo maana hadi leo kibodi yangu ina alama ya pauni juu ya 3, na alama ya @ imekaa pale ambapo kibodi za Kimarekani zina alama za kunukuu. Mwaka wa kwanza niliuchukia mpangilio huo. Sasa nikitumia kibodi ya mtu mwingine ndiyo naandika makosa.

Bei ilikuwa shilingi 24,000, na hazikuwa zangu. Mamangu hushona kofia za mkono, zile za vito, na alikuwa kwenye mchezo na kina mama wenziwe hapa Tudor, kila mmoja anatoa elfu mbili kwa mwezi na wanapokezana. Zamu yake ilipofika mwezi ule aliziweka zote mezani akaniambia, "Nenda kanunue hiyo kompyuta yako, lakini ukiivunja hakuna nyengine." Hilo "hakuna nyengine" nililichukulia kama sharti la mkataba, na nadhani ndilo lililonifanya nijifunze kuifungua mapema. Nilikuwa naogopa kumpa fundi.

Siku hizi neno linalosikika sana ni "moduli", yaani laptopu iliyojengwa kwa vipande ambavyo mwenyewe unaweza kuvichomoa na kuvichomeka. Kampuni ya Framework ya San Francisco ilianza kuuza za kwake mwaka 2021, hata matundu ya pembeni ya kuchomekea waya unabadilisha mwenyewe. Nimezisoma sana, nimezitamani sana, na sijawahi kuiona hata moja hapa Mombasa. Lakini ukweli ni kwamba laptopu za ofisini za miaka ile zilikuwa hivyo bila ya kutangazwa. T430 ina nafasi mbili za RAM. Ina nafasi ya diski ya inchi mbili na nusu, ina nafasi ndogo ya mSATA, na pale penye DVD (nani anatumia DVD?) unaweza kutoa kile kidude kizima ukaweka diski ya pili kwenye fremu yake. Betri inachomoka kwa kidole. Na kubwa kuliko yote, prosesa yenyewe imekaa kwenye soketi, haikulehemiwa kwenye bodi. Laptopu nyingi za leo hata RAM imelehemiwa. Ukinunua na 8, utakufa na 8.

Halafu kuna kitabu. Kila ThinkPad ina kitabu cha mafundi, Hardware Maintenance Manual, kinachopatikana bure kwenye tovuti ya kampuni. Kina mchoro wa kila hatua, na kila skurubu imetajwa urefu wake na mahali pake. Mimi nilikichapisha nusu yake saibakafe kwa shilingi tano ukurasa, na kurasa hizo bado ninazo, zina madoa ya chai. Nimesoma vitabu vingi chuoni. Hicho ndicho pekee nilichokisoma hadi kikachakaa.

Mwaka 2018 nikaongeza RAM kutoka 4 hadi 8, nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD. Hapo hakuna hadithi, kila mtu aliyewahi kuweka SSD anajua furaha yake. Mashine iliyokuwa inawaka dakika mbili ikawa inawaka kabla hujakaa vizuri kitini.

Hadithi inaanza pale vipande vinapoingia vizuri kabisa, skurubu zinakaza, halafu mashine inakataa.

Kadi ya Wi-Fi iliyokuja nayo ilikuwa ya zamani, haikuwa na masafa ya gigahezi 5. Nikapata nyingine ya Intel, ukubwa ule ule, tundu lile lile. Nikaichomeka, nikawasha: "1802: Unauthorized network card is plugged in." Ikasimama hapo hapo, haiendi mbele wala nyuma. Mashine za kizazi hicho, za watengenezaji zaidi ya mmoja, zilikuwa na orodha ndani ya BIOS, yaani programu ndogo inayoamka kabla ya Windows au Linux. Kadi isiyo kwenye orodha haipiti. Kwa betri hali ni kama hiyo. Kizazi cha T430 kinaiuliza betri kitambulisho chake, na ikiwa si ya asili kinakuambia hakitaichaji. Nilinunua betri duka moja mjini, nikaambiwa ni original, nikalipa 3,500. Ilipofika nyumbani mashine ikaijua kwa sekunde moja kile ambacho mimi sikukijua dukani. Kurudishiwa hela... tuyaache hayo.

Sasa nisiwe mwonevu. Sababu ya kukagua betri ipo. Mwaka 2006 Dell peke yake ilirudisha betri milioni 4.1 zilizokuwa na seli za Sony, kwa sababu zilikuwa zinaweza kushika moto, na ThinkPad nazo zikawa na zao zaidi ya laki tano mwaka huo huo. Na hizo zilikuwa za asili! Betri ya lithiamu si kitu cha kuchezea. Lakini kadi ya Wi-Fi haishiki moto, na mimi sikuwa na pa kuipata betri ya asili ya mashine ambayo kampuni ilikuwa imeshaacha kuitengeneza. Kipande kinabadilishwa kwa bisibisi, sawa, ila ruhusa ya kukibadilisha imekaa kwenye programu ambayo huioni. Kwangu mimi hili ndilo funzo kubwa nililolipata kuhusu hii "moduli", na sikulipata chuoni.

Basi mwaka 2020 ukaingia, mwezi wa tatu vyuo vikafungwa, na mimi niko mwaka wa mwisho. Masomo yakahamia mtandaoni. Tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa. Mizigo iliruhusiwa, watu hapana. Betri yangu ya zamani ilikuwa imebaki dakika sita, na ile mpya ilikuwa imekaa tu kama tofali. Umeme ukikatika darasani natoweka, mwalimu anadhani nimelala.

Wakati huo kulikuwa tayari na kitu kinaitwa 1vyrain, kimetengenezwa na wapenzi wa ThinkPad na kutolewa bure, cha kuifungua BIOS ya mashine za kizazi hiki ili orodha ya kadi iondoke. Kwa betri kulikuwa na kazi nyingine tofauti, ya kubadilisha programu ya chipu ndogo inayosimamia kuchaji, na hiyo ilibidi itangulie. Nikasoma usiku tatu mfululizo. Nikafika mahali nikacheka peke yangu: ili ubadilishe programu inayoikataa betri yako, lazima kwanza uwe na betri nzima inayokubaliwa. Ukikatikiwa na umeme katikati ya kuandika BIOS, bodi imekufa, na betri ya dakika sita inayozimika bila kuaga sikuithubutu.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa na T430 kama yangu, betri yake nzima. Anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, si mbali na mimi kwa tuktuk. Lakini tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, hatoki mtu haingii mtu. Betri iko umbali wa dakika kumi na tano na mimi siwezi kuifikia! Nilisubiri hadi mwanzo wa Juni ilipofunguliwa. Alinikabidhi betri ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akanipulizia sanitaiza mkononi kama ananipa dhahabu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Nilitoka jasho zaidi ya nilivyotoka siku ya mtihani wowote. Skrini inaandika asilimia, mimi nimeshika meza kwa mikono miwili kana kwamba itakimbia. Ikazima, ikawaka, ikazima tena, kimya... halafu ikawaka. Kadi ya Intel ikakubaliwa. Tofali likaanza kuchaji. (Nililiangalia kwa wiki nzima kama linapata joto kupita kiasi, na usiku nilikuwa nalichomoa. Fanyeni hivyo nanyi kama mna betri msiyoijua ilikozaliwa.)

Miaka ikaenda. Nikamaliza chuo, nikapata vibarua, kisha mikataba. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima usiku, mimi niliendelea kuandika programu hadi betri ikaniaga, na nilijiona mjanja.

Sasa turudi kwenye Fan error.

Niseme ukweli, nilikuwa na hela ya kununua laptopu mpya. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 62,000, na nilikuwa nimeipangia hiyo hiyo kazi. Lakini mwezi ule ule mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuo kikuu cha ufundi hapa hapa Tudor, TUM, ambacho wazee bado wanakiita Poly. Anahitaji karo ya kuanzia na anahitaji kompyuta. Tulikaa usiku tukapiga hesabu mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Hela haitoshi watu wawili. Yeye akasema, "Kaka, mimi naweza kutumia za maabara." Nilizitumia za maabara mwaka mmoja mzima, najua kupanga foleni saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwambia hapana. Akiba ikaenda kwake, na mimi nikabaki na mashine ya miaka kumi na mitatu isiyozungusha feni.

Ijumaa baada ya swala nikaifungua. Kwenye T430 unatoa betri, unafungua skurubu za chini zenye alama ndogo ya kibodi, kibodi inasukumwa mbele na kunyanyuka, halafu fremu ya mapumziko ya viganja, na feni hiyo hapo. Mdogo wangu alishika tochi na kuchora kwenye karatasi kila skurubu imetoka wapi. Ndani palikuwa na vumbi, hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni ile rangi ya kijani kwenye shaba. Wanaokaa karibu na mkondo wa Tudor wanajua, chumvi iko hewani. Madirisha yanashika kutu, mabati yanashika kutu, na laptopu inayovuta hewa kwa feni saa kumi kwa siku inavuta chumvi hiyo hiyo. Feni ilikuwa imekazana. Nikaipiga brashi, nikaweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wake, nikaizungusha kwa kidole mara hamsini. Ikawaka, ikanguruma kama tuktuk inapanda mlima, lakini ikazunguka. Jumatatu mteja aliona kazi yake. Aliuliza tu, "Huo mlio ni wa nini?" Nikamwambia ni feni ya chumba. He he.

Mafuta ya cherehani si dawa ya kudumu, kwa hivyo nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa redio na televisheni kule Kaa Chonjo, ambaye huwa ana laptopu mbovu za vipuri. Kweli alikuwa na T430 imemwagikiwa na soda. Nikafurahi. Akaifungua, akaishika ile feni na bomba lake la shaba, akaiweka kando ya yangu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hizi si ndugu. Hii ina mguu wa pili." Alikuwa sahihi. T430 zipo za aina mbili, zenye chipu ya picha ya Nvidia na zisizo nayo, na bomba la shaba ni tofauti. Mashine jina moja, mwaka mmoja, kipuri hakiingii. Hakunitoza hata senti, akaniuzia tu RAM, kipande cha 8 kwa shilingi 1,800, na baadaye nikapata cha pili nikafika 16, ambayo ndiyo mwisho wake.

Feni ikabidi niiagize China. Na hapo ndipo shetani alipoingia, maana kama unasubiri kifurushi wiki tatu, kwa nini usiongeze kitu? Prosesa yangu ilikuwa i5-3320M, ya viini viwili. Soketi hiyo hiyo inaipokea i7-3632QM, ya viini vinne, na zote mbili zimepimwa kwa wati 35, yaani feni ile ile inazimudu. Kitu kimoja uwe macho: prosesa hiyo ilitengenezwa ya miguu na ya kulehemu, na kwenye picha ya mwuzaji zinafanana. Ukiagiza ya kulehemu umenunua pambo la funguo. Feni na prosesa pamoja vilinigharimu kama 6,400 hadi kuvichukua posta ya Digo Road.

Usiku wa kuibadilisha nilikuwa na wiki moja kabla ya kukabidhi awamu ya mwisho ya kazi. Busara ingesema subiri. Lakini feni ilikuwa imeshaanza tena kukwama, kwa hivyo kuifungua ilikuwa lazima, nikasema nitafungua mara moja tu. Soketi ina skurubu moja ya kufungia, unaizungusha nusu duara na prosesa inalegea. Ya zamani ikatoka vizuri. Mpya nikaiweka, kona yenye pembetatu juu ya kona yenye pembetatu. Inatakiwa idondoke yenyewe mahali pake bila kusukumwa. Haikudondoka. Nikaisukuma kidogo.

Msisukume kidogo.

Nilikuwa sijaimaliza ile nusu duara. Nikaizungusha hadi mwisho, prosesa ikakaa, nikapaka pesti ya kupitisha joto, nikafunga feni mpya, nikawasha. Taa ikawaka, feni ikazunguka vizuri bila kelele, halafu basi. Skrini nyeusi. Hakuna mlio, hakuna maandishi. Nikajaribu RAM moja moja. Nikajaribu bila diski. Nyeusi. Saa saba za usiku nikaitoa prosesa nikaipindua, nikaitazama kwa kamera ya simu nikiikuza. Ina miguu 988, na mmoja, karibu na kona, ulikuwa umelala juu ya mwenziwe.

Nilikaa nikautazama. Ile ya zamani ningeweza kuirudisha, ni kweli, kama soketi yenyewe haijaumia. Sikujua kama imeumia. Kichwani nilikuwa napiga hesabu ya hela ambazo tayari zilikuwa zimeshalipwa karo. Nikachukua kibano nikaanza, mkono unatetemeka, nikauacha.

Mama alikuwa macho, anamalizia kofia ya watu wa harusi. Aliniuliza kulikoni, nikamwonyesha kwenye simu. Hakutazama simu. Akasogeza taa, akasema, "Lete hapa." Nikamwambia ashike kwanza chuma cha cherehani, umeme wa mwilini usije ukaiua, akashika bila kuuliza. Halafu akachukua sindano yake ya kofia. Wasiojua kazi hii wajue kwamba kofia moja ya vito ina matundu madogo mamia kwa mamia, na kila tundu linazungushiwa uzi kwa mkono. Mwanamke huyu amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Akaingiza ncha ya sindano kati ya ile miguu miwili, akaunyanyua uliolala kidogo, akaacha, akazungusha prosesa, akaunyanyua tena upande wa pili. Akaniambia, "Usipumue juu yake." Dakika nne labda. Aliponirudishia nilitazama kwa simu na sikuweza kuujua mguu ulikuwa upi.

Safari hii ikadondoka yenyewe. Mashine ikawaka, ikaandika i7. Mama alikuwa ameshairudia kofia yake. Aliuliza tu, "Sasa ndio itakuwa haina kelele?" Nikamwambia ndiyo.

Najua mtataka kujua kama ilistahili. Programu ile ya mteja, kuijenga yote kutoka mwanzo kulikuwa kunachukua dakika sita na ushee. Sasa ni chini ya nne. Zaidi ya nusu ya raha, nadhani, inatoka kwenye RAM ya 16, maana sasa naweza kufungua kivinjari, mhariri wa programu na simu ile ya kuigiza ndani ya kompyuta kwa pamoja bila mashine kuzirai. Kwa upande mwingine betri inaisha haraka zaidi, viini vinne vinakula. Na hakuna soketi itakayoifanya prosesa ya 2012 iwe ya leo. Kiini kimoja kimoja ni kizee, na kazi zinazotegemea kiini kimoja zinaonyesha hivyo.

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa yoyote ya Intel ya umri huu. Kwangu halikuwa tatizo, natumia Debian tangu chuoni, na toleo la 13 lililotoka Agosti 2025 liliingia bila ugomvi. Lakini ndiyo sababu sikumnunulia mdogo wangu T430. Nilimtafutia T480, ya mwaka 2018, ex-UK pia, kwa 33,000. Prosesa yake imelehemiwa, huwezi kuibadilisha, lakini ni ya kizazi cha nane, kwa hivyo Windows 11 inaikubali. RAM ina nafasi mbili, na betri ziko mbili, moja ndani na moja nje, unaweza kuchomoa ya nje bila kuzima. Mkienda kutafuta muwe makini na herufi ya mwisho: T480s ni nyembamba na ya kupendeza, ila RAM moja imelehemiwa na nafasi imebaki moja. X280 ni yote imelehemiwa. Na mkishainunua T480, jambo la kwanza sasisheni programu ya Thunderbolt ya lile tundu la USB-C. Ya zamani ina kasoro inayojulikana, inaweza kuliua tundu hilo polepole, na marekebisho yapo bure tangu 2019. Ya mdogo wangu ilikuwa haijasasishwa. Tulifanya siku ile ile, umeme ukiwepo na betri zote mbili zimejaa.

Ile i5 ya zamani iko kwenye mkebe wa vifungo wa mama, imefungwa kwenye kitambaa. Kilichobaki ni skrini. Yangu ni ile ya pikseli 1366 kwa 768, ukitazama kwa pembeni rangi zinageuka, na kwa kazi ya kutengeneza kurasa ni aibu. Ile ya 1600 kwa 900 inaingia kwenye fremu hiyo hiyo. Yule mzee wa Kaa Chonjo anasema ile iliyomwagikiwa na soda inayo, na kioo chake ni kizima. Nitapita kwake Jumamosi.